Tepe ya Tatu

Shati lililetwa ofisini Jumatano saa mbili asubuhi, limefungwa kwa gazeti, na Inspekta Melkior Gama alilitandaza mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtumishi wa altare anavyotandaza kitambaa. Kikombe chake cha chai alikuwa amekwisha kukisogeza mbali kisije kikalichafua. Inspekta Gama, mkuu wa kituo cha polisi Mbinga, alikuwa mtu wa pasi. Askari wake walijua kwamba mahabusu akitoroka wataulizwa, lakini kifungo kikikatika wataadhibiwa.

Mbele yake alisimama Vitalia Ndimbo, mpelelezi wa kituo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Mbuji. Wapelelezi hawavai sare. Yeye alivaa sweta la kijani la mtumba lenye jina la timu ya mpira ya nchi asiyoijua, na viatu vya raba, na cheo chake kilikuwa kwenye kitambulisho, mfukoni.

"Kesi imekwisha," Inspekta alisema. "Hesabu mwenyewe. Tepe tatu."

Zilikuwa tatu kweli, nyeupe, zimeshonwa kwa cherehani kwenye mkono wa shati la kaki, ncha zikitazama chini kama inavyotakiwa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi asubuhi pikapu iliyobeba magunia saba ya kahawa ya maganda kutoka Ruanda ilisimamishwa karibu na daraja na mwanamume mwenye sare ya polisi. Akasema kahawa ile ni ya magendo, haiendi popote bila kibali cha chama cha ushirika. Mwaka ule wa 1995 ulikuwa msimu wa pili tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, na kibali cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kufutwa, lakini habari njema hupanda milima ya Umatengo polepole kuliko mbuzi mwenye mimba. Dereva alipouliza jina la afande, afande alimgonga goti kwa rungu. Kisha akachukua ufunguo wa gari, akawaamuru dereva na mama mwenye mzigo watangulie kituoni kwa miguu wakajisalimishe. Walitembea saa mbili, wakafika, wakajisalimisha. Hakuna aliyejua wanajisalimisha kwa kosa gani. Pikapu ilikutwa Jumapili njia ya Kigonsera, tupu.

"Sajenti wa kituo hiki ni mmoja," Inspekta aliendelea, "na Jumamosi alikuwa Songea, hospitali, na mguu wake. Kwa hiyo huyu ni polisi wa bandia. Sasa nani katika wilaya hii ana sare na tepe tatu na si polisi? Meshack Chiwanga wa Kihagara, seremala, mcheza mganda, ile ngoma ya kujivika uaskari. Nguo imekutwa sandukuni kwake. Ijumaa saa tatu Landrover inampeleka Songea. Unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka thelathini."

"Rungu nalo ni silaha?"

"Liulize goti la dereva."

"Na Meshack nani aliyekutajia, afande?"

"Koplo Osmund. Mwezi uliopita alikuwa doria ziwani, akamwona anavyojitia sajenti mbele za watu. Huyo ndiye askari mwenye macho."

Vitalia aliligeuza shati ndani nje. Alilipeleka dirishani, akaupitisha mkono wa kushoto wa shati mbele ya mwanga, akaunusa pia, maana alikuwa na tabia ya kunusa vitu.

"Tepe ziko mkono wa kulia tu," alisema.

"Za kushoto amezibandua."

"Na matundu ya sindano?"

"Kaki ikifuliwa matundu hujifunga."

"Ya kushoto tu?"

Inspekta alikunywa chai. "Vitalia, mama mwenye kahawa ameandikisha tepe tatu. Shati lina tatu. Wewe unataka nini tena?"

"Dereva ameandikisha mbili."

"Ndiyo maana nimechukua maelezo ya mama. Watu wa vijijini wakiona polisi hesabu zinawaruka. Mmoja lazima akosee."

Kwenye chumba cha mahabusu Meshack alikuwa amekaa sakafuni, magoti yamekunjwa, mkanda amevuliwa, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye viganja vya randa. Vitalia alimuuliza swali moja tu: Jumamosi alikuwa wapi.

"Kihagara, nachonga mlango. Niliwaambia. Wakaniuliza nani ananishuhudia, nikawatajia watu tisa. Wakasema wote ni wachezaji wenzangu." Aliegemeza kichwa ukutani. "Kule wasiocheza ni mbuzi tu, afande. Niite mbuzi?"

*

Alasiri ile ile Vitalia alikuwa Ruanda, uani kwa Bonifasia Ndunguru, mjane mwenye magunia yake manne kati ya yale saba. Vichanja vya kuanikia kahawa vilikuwa vitupu. Dereva, Victor Kapinga, aliitwa kutoka jirani, akaja akichechemea na goti limefungwa kitambaa.

Vitalia aliomba vigoda viwili, akaviweka bega kwa bega.

"Kaeni kama mlivyokaa garini. Wewe Victor kulia, kwenye usukani. Mama kushoto, dirishani."

Wakakaa. Bonifasia alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, na ndiye aliyekuwa akidarizi vitambaa vyote vya altare vya kigango kile.

"Uso wake ulikuwaje?"

"Uso wa polisi nani anautazama, dada? Ukiutazama anasema unamkodolea. Mimi natazama mkono, nijue nimwite nani. Nikaona tatu, nikamwita sajenti."

"Mbili," Victor alisema.

"Huyu tangu Jumamosi ananiambia mbili."

"Mama, mimi nilikuwa koplo wa mgambo miaka sita. Tepe mbili nimelala nazo, nimeamka nazo. Sitazisahau kwa sababu ya goti."

"Na mimi nahesabu nyuzi za kitambaa cha Bwana kabla jua halijatoka, nitashindwa kuhesabu tatu?"

"Miwani yako hiyo, mama yangu, ina kamba."

"Kamba inashika sikio. Haihesabu."

Vitalia aliwaacha wamalize. Aliokota mwiko uliokuwa umelazwa juu ya chungu, ukawa rungu, akaja upande wa kushoto wa vigoda.

"Mimi ndiye yeye. Nimesimama dirishani kwa mama. Rungu liko mkono gani?"

"Huo, wa kulia. Alikuwa analipigapiga kwenye paja. Mkono wa kushoto alituegeshea hapa dirishani, kiwiko ndani kabisa. Tepe zilikuwa hapa." Bonifasia alionyesha mbele ya pua yake, umbali wa shubiri. "Ndiyo maana nasema. Mbili za juu zilikuwa zimekwisha kuingia rangi ya majivu kwa kufuliwa, zimeshonwa kwa cherehani. Ya tatu, ya chini, nyeupe kama jino la mtoto, na imeshonwa kwa mkono. Mshono mrefu mrefu, wa mtu mwenye haraka. Hata nikataka kumwambia, sajenti, mkeo hajui kushona. Nikanyamaza."

Vitalia alizunguka mbele ya vigoda, akasimama upande wa Victor.

"Na hapa?"

"Hapa alichomeka rungu kwenye mkanda baada ya kunigonga, akapitisha mkono wa kulia dirishani, akachomoa ufunguo. Mkono ulipita hapa, kifuani kwangu. Mbili."

"Wa kushoto hukuuona?"

"Ulikuwa nyuma ya mwili wake, na kule dirishani mama alinikinga. Nilikuwa naangalia ufunguo wangu unavyoondoka."

"Alivaa sweta?"

Wote wawili walitazamana, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana. Hakuvaa. Julai, Mbinga, ukungu umekaa barabarani kama maziwa yaliyomwagika, na mtu amesimama darajani na shati tupu, mikono imemsimama vinyweleo.

Vitalia alifungua daftari lake, akaandika mstari mmoja, akawasomea wote wawili ili wautie sahihi: mkono wa kushoto tepe tatu, ya tatu mpya, mkono wa kulia tepe mbili.

"Kwa hiyo sijakosea," Bonifasia alisema.

"Hakuna aliyekosea. Aliyewaandika ndiye aliyekosea."

Victor alikuwa bado anautazama ule mstari. "Lakini dada, mwenye mbili kila upande ni koplo. Koplo wa kweli. Kama anataka kuwa sajenti wa uongo, kwa nini aongeze upande mmoja?"

"Hilo ndilo ninalolifuata," Vitalia alisema, akaurudisha mwiko chunguni.

*

Alhamisi kabla ya mapambazuko alipanda lori la wachuuzi wa usipa, dagaa wa kule, linaloshuka ziwani. Barabara ya kushuka ilikuwa mbaya kiasi kwamba abiria walishuka mara tatu kuisaidia breki kwa mawe. Saa sita mchana alikuwa Kihagara. Kule hakukuwa na baridi. Sweta alilifunga kiunoni.

Kiongozi wa boma la mganda, ndivyo wanavyoviita vikundi vyao, alikuwa Bernadi Challe, ambaye watu wote walimwita Kingi. Alikuwa mzee mkavu, mwenye ulimi. Vitalia alimkuta mlangoni kwake anakwangua kibuyu cha lipenga kwa kipande cha chupa. Kando yake, kwenye jani, alikuwa ameweka utando mweupe wa buibui wa kuzibia tundu la kibuyu, ule unaofanya sauti ilie kama tarumbeta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ni wa wale waliomchukua sajenti wangu?"

"Mimi ni wa wale wanaouliza kwa nini amechukuliwa."

"Basi mko wachache. Kaa."

Vitalia alikaa kwenye kizingiti. "Kingi, tepe zenu mbona mnashona mkono mmoja?"

"Mkono wa kulia ndio unaoshika lipenga. Unapanda juu, watu wote wanauona. Wa kushoto unakaa kiunoni mpaka ngoma iishe. Mkono uliolala kiunoni utaupa cheo cha nini?" Alipuliza unga wa kibuyu. "Ninyi polisi mmejaza yote miwili, maana hamjui ni upi unaofanya kazi."

"Mwezi uliopita koplo mmoja alikuja doria. Alifika ngomani?"

Bernadi aliweka kipande cha chupa chini. Ilionekana hadithi ile ameisimulia mara nyingi na haijamchosha.

"Alifika. Sasa sikiliza utaratibu wetu. Mgeni mwenye tepe akija, tunamkalisha kwa tepe zake. Ndiyo heshima tuliyoachiwa na baba zetu waliotoka vitani. Mgambo mwenye moja anakaa na wenye moja. Wenye tatu kwenda juu wanakaa kwenye benchi. Yule alikuja na mbili. Tukamtandikia mkeka mzuri kabisa pamoja na makoplo wetu, mmoja anauza maandazi, mmoja anachunga ng'ombe wa misheni. Tukamletea togwa. Na mbele yake, kwenye benchi, amekaa sajenti. Meshack."

"Alisemaje?"

"Kwanza alidhani hatujamwona vizuri. Akatugeuzia mkono. Tukahesabu tena. Mbili."

"Watu walicheka?"

"Walioanza ni wanawake wa kioda, ngoma yao wenyewe. Wakishaanza wale, nani atawazuia? Muuza maandazi akamsogelea, akamwambia koplo mwenzangu, kaa, miguu itakuuma."

"Kisha?"

"Kisha akatuharibia sherehe. Siku ile tulikuwa tunampandisha cheo mwalimu mkuu wa shule. Miaka minne anacheza bila tepe, mtu mzima, ana suruali ya kwenda misa, anasubiri tepe yake ya kwanza. Tepe iko kwenye sahani. Yule koplo akainuka, akaichukua, akasema alama za cheo ni mali ya serikali, akaitia mfukoni. Mwalimu mkuu alilia, sikufichi."

"Tepe ngapi zilikuwa kwenye sahani?"

"Moja. Cheo cha kwanza ni tepe moja, mkono mmoja. Ya pili ya nini?"

Vitalia aliandika moja kwenye daftari, akaipigia mstari.

"Jina lake alisema?"

"Osmund. Alilitaja mara tatu, cheo kikitangulia."

"Kitambaa mlichokatia mnacho bado?"

Kilikuwepo, kwenye sanduku la bati, chini ya kofia. Kilikuwa shuka ya mtumba, nyeupe, nzito, shuka ya hospitali ya huko Ulaya, na katikati ya ufumaji wake ulipita uzi mmoja wa bluu kila baada ya vidole viwili. Bernadi alielekeza kwa ukucha: tepe zote za boma hukatwa uzi wa bluu ukipita katikati, kwa ajili ya urembo. Tepe za Meshack alizishona mwaka juzi kutoka kitambaa kingine, cha mfuko wa unga.

Vitalia alikata kipande cha kiganja kimoja, akamwandikia Bernadi karatasi ya kupokea, akamsomea, Bernadi akatia kidole gumba.

"Sajenti wangu atarudi?"

"Gari la Songea linaondoka kesho saa tatu."

"Hilo si jibu."

"Ndiyo," Vitalia alisema. "Si jibu."

*

Ijumaa saa moja asubuhi, askari wakiwa wanajipanga kwa ukaguzi, Vitalia alikwenda kwenye kota za polisi na kubisha hodi nyumba ya mwisho. Yuliana, mke wa Koplo Osmund Haule, alikuwa anakoroga uji wa wanga wa muhogo wa kutilia sare ugumu. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni.

Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na za baridi. Kisha Vitalia akasema, "Hongera, mama sajenti."

Mwiko wa Yuliana ulisimama. Halafu uso wote ukafunguka. "Nani amekuambia?"

"Kwani ni siri?"

"Alisema nisimwambie mtu mpaka barua itoke Dar es Salaam. Nimemwambia Celestina wa jirani tu. Na wale wa kwaya."

"Tepe utakuwa umeiona."

"Nimeishona mwenyewe, dada. Ijumaa iliyopita jioni, kwa taa. Ya mkono wa kushoto. Alisema ya kulia inakuja na basi, Songea walipungukiwa. Nikasema ngoja zije zote mbili nikupelekee kwa fundi cherehani, akasema hapana, fundi ana mdomo. Jumamosi akaivaa kwenda kupiga picha ya kuweka kwenye faili. Nikamwambia vaa sweta, utapata kichomi. Akasema sweta litafunika."

"Alirudi saa ngapi?"

"Jioni. Na kiatu chote tope. Akaniambia niifumue mpaka barua ije. Ninayo hapa."

Ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na sindano na vifungo, imefuliwa, imenyooshwa. Vitalia aliigeuza. Uzi wa bluu ulipita katikati yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Alitoa karatasi za maelezo na kaboni mbili, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaandika yote kama yalivyosemwa, bila kuongeza hata neno. Aliyasoma kwa sauti. Yuliana aliyasikiliza kama mtu anayesomewa barua ya pongezi, akatia sahihi zake tatu kwa mwandiko wa shule, herufi zimelala upande mmoja.

"Tepe naichukua. Hii hapa karatasi ya kuonyesha nimeichukua."

"Unampelekea Inspekta?"

"Ndiyo."

"Mwambie nimeifua," Yuliana alisema.

Vitalia alitia tepe ndani ya daftari, akatoka. Barabarani alisimamisha gari la misheni lililokuwa likienda Songea, akampa mtawa aliyekaa mbele bahasha iliyofungwa, yenye anwani ya mkuu wa upelelezi wa mkoa.

*

Uwanjani Inspekta Gama alikuwa amefikia askari wa tano katika ukaguzi wake. Landrover ilikuwa inanguruma pembeni, na nyuma yake, kwenye sakafu ya bati, Meshack alikuwa amekwisha kupakiwa na pingu.

Vitalia alimngoja Inspekta amalize kola aliyokuwa anaikagua. Angeweza kumwambia kwamba kuna mtu asiye na hatia ndani ya gari. Alikuwa amemfahamu mkuu wake miaka mitano, kwa hiyo hakumwambia hivyo.

"Afande, kuna hitilafu ya sare."

Inspekta aligeuka mara moja. "Nani?"

"Koplo Osmund. Mkono wa kushoto."

Osmund Haule alikuwa askari mrefu, kifua mbele, amenyoa vizuri. Inspekta aliinamia mkono wake, akavaa miwani. Chini ya tepe ya pili, kwenye kaki iliyokauka kwa wanga, matundu madogo yalishuka mshazari, yakakutana, yakapanda tena. Upande wa kulia, kaki ilikuwa safi.

"Haya ni nini?"

"Msumari, afande. Nilijikwaruza mlangoni."

"Msumari gani unatembea hatua sawasawa, ukifika chini unapiga kona?" Inspekta alisogeza miwani. Juu ya nguo hakuna aliyeweza kumdanganya. Ilikuwa elimu yake yote. "Hapa palishonwa kitu."

"Hiki," Vitalia alisema.

Aliweka tepe juu ya matundu. Ncha ilikaa mahali pake. Halafu, kwa sauti ya kawaida, askari wote wakisikia, alieleza: mama wa Ruanda aliona mkono wa kushoto, akahesabu tatu, dereva aliona wa kulia, akahesabu mbili, tepe ya ziada ilikuwa moja tu kwa sababu ilichukuliwa kwenye sahani ya watu wanaovaa cheo mkono mmoja. Alitoa kipande cha shuka, akakilaza kando. Uzi wa bluu kwa uzi wa bluu.

"Kituo kina sajenti mmoja, na kila mtu alijua yuko hospitali," alisema. "Mwizi mwingine angevua tepe zake. Huyu aliongeza, ili tumtafute sajenti wa bandia. Na wa kumsingizia alikuwa naye tayari, aliyemkalia mbele kwenye benchi."

Osmund alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ile tepe uliitoa wapi?"

"Kwenye kopo la sindano."

"Ulimdanganya mke wangu."

"Nilimpa hongera. Uongo aliupata nyumbani."

"Miaka tisa koplo," Osmund alisema, si kwake, kwa Inspekta. "Miaka tisa, afande. Wauza maandazi wananiita mwenzao."

"Kahawa iko wapi?" Vitalia aliuliza.

"Kwa shemeji yangu. Nyuma ya stoo ya mahindi," Osmund alisema, akionekana kuchoka kwa ghafla, kama mtu aliyevuliwa kitu kizito.

Inspekta alimvuta Vitalia ofisini, akafunga mlango. Alisema kwa upole kabisa. Yule wa ziwani ataachiwa leo, kwa kukosekana ushahidi. Kahawa itarudishwa, itasemwa imeokotwa. Osmund atahamishiwa kituo cha mbali. Hakuna haja ya wilaya nzima kujua kwamba polisi wa bandia alikuwa polisi.

"Maelezo ya mke nimeyaandika nakala tatu," Vitalia alisema. "Moja hii hapa mezani kwako. Ya pili imeondoka na gari la misheni, inakwenda kwa mkuu wa upelelezi wa mkoa."

Inspekta alikaa. "Na ya tatu?"

"Ninayo. Nasubiri kuona Landrover imebeba nani."

Hati ya kusafirisha mahabusu ilikuwa imekwisha kupigwa taipu. Inspekta alilitazama jina la Meshack Chiwanga kwa huzuni, maana lilikaa vizuri katikati ya mstari, na fomu nyingine hazikuwepo. Vitalia alichukua kalamu, akalikata jina mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake Osmund Haule, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Alitia.

Saa tatu na robo Landrover iliondoka. Yuliana alikuwa amesimama kwenye uzio wa kota na bakuli la wanga mikononi. Gari lilipompita alilifuata kwa macho mpaka kwenye kona, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Meshack alisimama mbele ya kaunta akisugua vifundo vya mikono. Inspekta alimrudishia shati lake, limekunjwa vizuri.

"Haya, kijana, uko huru. Mshukuru Mungu, na uishukuru serikali."

"Mungu nitamshukuru nikifika Kihagara," Meshack alisema. "Serikali niishukuru nini, afande? Mlichonirudishia ni changu. Bado mkanda."

Inspekta alimtazama Vitalia. Vitalia hakusogea. Mkuu wa kituo akainama mwenyewe chini ya kaunta, akaanza kutafuta.